Mlima Si Adui: Gari la Umeme la Familia katika Barabara za Meru na Embu



Kila ninapozungumzia gari la umeme katika kaunti za Meru, Tharaka Nithi na Embu, swali la kwanza ni lile lile: litapanda mlima? Jibu langu jioni hii ni kwamba mlimani ndiko linakofanya kazi yake vizuri zaidi. Shida zake ziko kwingine: chini ya tumbo lake, kwenye matope, kwenye mzigo linaoruhusiwa kubeba, na kwa fundi atakayelifungua likiharibika. Tumekuwa tukiogopa mahali pasipostahili hofu, na pale panapostahili hatujapatazama. Nitaanza na mlima, kisha nizifikie shida hizo.

Gari la mfano

Ili tusiongee hewani, nimechukua gari moja linalouzwa sasa Nairobi, BYD Atto 3 kutoka China. Sina kamisheni ndani yake. Nimelichagua kwa kuwa vipimo vyake havitofautiani sana na vya magari mengine ya umeme ya familia. Lina urefu wa milimita 4,455 na viti vya watu watano. Toleo la betri kubwa lina kilowati-saa 60.48, na mota ya kilowati 150 inayozungusha magurudumu ya mbele kwa nguvu ya niutoni-mita 310. Halina klachi wala gia za kubadilisha. Uwiano wa gia ni mmoja tangu linapong'oa nanga hadi kasi yake ya juu, kwa sababu mota hutoa nguvu yote ya kuzungusha hata kabla gurudumu halijakamilisha mzunguko wa kwanza.

Betri ndiyo inayoamua umbo la gari. Seli zake ni bapa na ndefu, kila moja karibu sentimita 96, zimelazwa chini ya sakafu kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Kemia yake ni ya lithiamu, chuma na fosfeti, bila kobalti inayochimbwa Kolwezi kwa majirani zetu wa Kongo. Betri ya namna hii hubeba nishati kidogo kwa kila kilo ikilinganishwa na ya nikeli na kobalti, ila huvumilia joto zaidi kabla ya kuwaka na hukubali kuchajiwa mara nyingi zaidi kabla ya kuchoka. Gharama yake ni uzito: gari tupu lina kilo 1,750.

Uzito huo uko chini kabisa, na dereva aliyezoea gari la petroli kama Probox ataujua kwenye kona za kati ya Chuka na Chogoria. Gari halilali upande sana, wala usukani hauhitaji kurekebishwa katikati ya kona. Lakini akigonga tuta ambalo hakuliona, au shimo lenye kingo kali, atakumbushwa kwamba shoki na tairi zimebeba mzigo. Tairi za gari kama hili huisha upesi mikononi mwa dereva anayependa kuondoka kwa kishindo.

Kupanda

Injini ya petroli isiyo na turbo inategemea hewa. Kwa kila mita 1,000 za mwinuko hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake. Ndiyo sababu gari lililokuwa jepesi Mombasa huanza kulalamika likipanda kuelekea Timau, juu ya mita 2,000, na dereva akarudisha gia bila hata kufikiri. Mota ya umeme haivuti hewa. Nguvu iliyokuwa nayo Mombasa ndiyo itakayokuwa nayo Timau.

Je, kupanda hakumalizi betri? Tupige hesabu. Gari likiwa na watu, jumla kilo 2,000, kuliinua mita 1,000 kunahitaji kilowati-saa 5.5. Ongeza kinachopotea kwenye mota na inveta, tufikie 6. Hiyo ni sehemu moja kwa kumi ya betri. Si kidogo, lakini si mwisho wa safari, na sehemu nzuri yake hurudi wakati wa kushuka.

Kushuka

Kwa Wameru mteremko una jina: Nithi. Julai 2022 basi lilitumbukia pale kwenye daraja la Nithi na zaidi ya watu 30 wakafariki. Sijasimama hapa kuchunguza ajali ile. Nataka tuelewe mteremko wenyewe unazifanyia nini breki zozote.

Gari letu la kilo 2,000 likishuka mteremko wa asilimia 7 kwa kilomita 60 kwa saa, uzito wake unatoa karibu kilowati 23. Upepo na msuguano wa tairi vinakula kama 5. Zinabaki 18, na lazima ziende mahali. Katika gari la kawaida, dereva asiporudisha gia, zote huishia kwenye diski na pedi kama joto, sawa na birika tisa za umeme za kilowati 2 zikichemka kwa pamoja nyuma ya rimu. Basi la tani 16 linatoa mara nane ya hizo. Pedi zikizidi joto hupoteza mshiko; mafuta ya breki yaliyoingia maji huchemka, na pedali huzama hadi chini.

Kwenye gari la umeme, ukiinua mguu tu, mota inageuka jenereta. Magurudumu yanaizungusha, nayo inayazuia huku ikisukuma umeme kuelekea kwenye betri. Kwenye mteremko huo wa mfano, kipimo cha nishati kwenye dashibodi kitakuonyesha takriban kilowati 15 zenye alama ya kutoa mbele yake: gari linaenda, na betri inajaa. Kanuni hii mnaijua. Maji ya Rupingazi yanayopita Embu mjini huteremka hadi bwawa la Kamburu, na huko uzito wake hugeuzwa stima. Kwenye mabwawa ya Seven Forks, ambayo Kamburu ni mojawapo, tumekuwa tukifanya hivyo tangu lile la Kindaruma lilipoanza kazi mwaka 1968.

Ila kuna mtego. Betri iliyojaa kabisa haina pa kuweka umeme huo. Mtu anayeishi juu, akachaji hadi asilimia 100 usiku, kisha asubuhi akaanza safari kwa kuteremka, atakuta gari halizuii kama jana, na kazi yote imerudi kwa pedi. Ukiishi juu ya mteremko, ishia asilimia 85 au 90. Hata hivyo, betri ya fosfeti inahitaji kujazwa kabisa mara kwa mara ili kompyuta yake isikosee kukadiria chaji iliyobaki. Fanya hivyo siku ambayo safari yako inaanza kwa kupanda au kwenye tambarare. Na kwa kuwa breki za kawaida hazitumiki sana, diski hushika kutu msimu wa mvua. Zikanyage kwa nguvu mara moja moja, barabara ikiwa wazi.

Safari ya Nairobi

Kiwandani wanasema toleo hili huenda kilomita 420 kwa chaji moja, kwa kipimo cha Ulaya. Meru hadi Nairobi kupitia Embu ni kama kilomita 225. Ukitumia kilowati-saa 18 kwa kila kilomita 100, utamaliza karibu 40 na ufike ukiwa na theluthi moja ya betri. Kinachovuruga hesabu hii ni kasi. Kutoka kilomita 80 hadi 110 kwa saa, ukinzani wa upepo hukaribia kuongezeka maradufu. Kwa hiyo barabara ya Thika, pana na iliyonyooka, inaweza kula betri kuliko mabonde yote ya Tharaka Nithi.

Nyumbani, soketi ya kawaida ikitoa kilowati 2.5 kwa saa kumi za usiku inaleta kilowati-saa 25, mwendo wa kilomita 130 na zaidi. Haba na haba hujaza kibaba, mradi stima isipotee na fundi awe amekagua nyaya za nyumba, kwa sababu soketi dhaifu ikibeba mzigo huo usiku kucha itayeyuka.

Linakoshindwa

Sasa tufike kwenye shida. Tumbo la gari hili liko milimita 175 juu ya ardhi. Subaru Forester, ambayo wengi hapa wanaipenda, ina 220. Tofauti ya sentimita nne na nusu ndiyo inayoamua kama jiwe la barabara ya murram litapita chini au litakwaruza. Na kwenye gari hili jiwe halikwaruzi bomba la ekzosi la kuchomelewa Jua Kali. Linakwaruza sanduku la betri.

Pili, matope. Udongo mwekundu wa Igembe wakati wa mvua za Aprili huwashinda hata madereva wa Hilux za miraa. Magurudumu mawili ya mbele, yakipewa nguvu nyingi kwa ghafla, yatazunguka papo hapo. Kompyuta hupunguza nguvu upesi, lakini haiwezi kuumba mshiko usiokuwepo. Anayeishi ndani ndani atafute gari linaloendesha magurudumu yote manne.

Tatu, mzigo. Uzito wa juu unaoruhusiwa ni kilo 2,160. Toa gari lenyewe, zinabaki 410. Watu wazima watano wa kilo 70 ni 350. Familia hiyo ikitoka Timau inaweza kubeba gunia moja la viazi la kilo 50. La pili libaki.

Nne, fundi. Betri hii ina takriban volti 400, za kutosha kuua. Nyaya zake zimepakwa rangi ya chungwa ili mtu ajihadhari, lakini rangi haifundishi namna ya kukata umeme, kusubiri, kisha kupima kabla ya kugusa. Sheria yetu inaruhusu kuingiza magari yasiyozidi miaka minane, kwa hiyo magari ya umeme yaliyotumika, hasa Nissan Leaf kutoka Japani, yanafika kwetu na betri zilizozeeka. Betri za Leaf hizo hazina mfumo wa kupozwa kwa maji, na joto huzipunguzia uwezo. Anayenunua aulize hali ya betri kwanza. Rangi na viti vitazungumziwa baadaye.

Tunalopaswa kufanya

Ninayaomba mambo matatu. Vyuo vyetu vya ufundi, kuanzia Meru National Polytechnic, vifundishe kozi ya umeme wa volti kubwa kwenye magari, na makanika wa Jua Kali wapewe nafasi humo bila kudaiwa vyeti wasivyonavyo. Kaunti za Meru, Tharaka Nithi na Embu zikubaliane kuhusu vituo vya kuchaji vya kasi kando ya barabara ya Meru hadi Embu, cha Chuka kikiwa cha kwanza kwa kuwa kiko karibu na miteremko mikali. Na wanaouza magari haya waweke bamba la chuma chini ya betri kabla hawajayakabidhi kwa mteja wa huku.

Nanyi wanunuzi, mkifika dukani msipoteze muda kuuliza kuhusu mlima. Ulizeni tumbo liko juu kiasi gani, gari limeruhusiwa kubeba kilo ngapi, betri ina afya gani, na nani atalitengeneza hapa Meru. Muuzaji akishindwa kujibu swali la nne, rudini nyumbani na pesa zenu.