Tuandike Ukoo Wetu, na Mama Zetu Wawemo

Mazungumzo yaliyotolewa kwenye mkutano wa wanachama, Kindu



Mara nyingi komite inasimama hapa kuomba mchango wa ugonjwa ao wa matanga. Leo hatuombi franga hata moja. Tunaomba kila familia inunue kaye na biki, iandike majina ya bankambo zake.

Wengi wetu tulitoka hapa wakati wa vita iliyoanza 1998. Kuna waliokwenda Kisangani, kuna waliokwenda Goma, kuna waliovuka ziwa Tanganyika mpaka kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Tuliporudi, swali la kwanza halikuwa kama tumefika salama. Lilikuwa: «Weye ni mutoto wa nani?» Aliyeweza kutaja baba, babu na baba ya babu, na kuonyesha makaburi yao, alipata pa kuweka kitanda. Aliyekwama kwenye jina la pili alikwenda kupanga. Watoto waliozaliwa mbali ndio walioumia zaidi, kwa sababu mzee aliyejua majina alikufa njiani na hakuna aliyeyaandika.

Lakini tusiseme vita yetu peke yake ndiyo ilikata ukoo. Hapa Maniema ulikatwa zamani. Waungwana walipofika na bunduki toka pwani, watu wengi walitekwa. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alikuwa Nyangwe. Aliona soko likipigwa risasi, mamia wakifa, wengi wao wanawake, wengine wakizama ndani ya Lualaba. Waliochukuliwa utumwani walipewa majina mapya. Ndiyo maana ukipanda vizazi vine ao vitano unaweza kukuta Juma ao Mabruki amesimama peke yake, bila baba, bila kijiji. Na familia inanyamaza, inaona haya.

Kuna habari moja tunapenda muisikilize vizuri. Tippu Tip, jina lake Hamed bin Muhammed el Murjebi, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Humo anaeleza alivyofika katika nchi ya Utetera, kwa chifu mzee Kasongo Rushie. Mzee yule alikuwa amepoteza dada, aliyetekwa vitani zamani. Tippu Tip akapata habari hiyo, akasema: mimi ni mjukuu wa yule mwanamke. Mzee alifurahi sana, akamkabidhi utawala wa nchi. Kumbe ukoo ule ulikuwa wa kutunga.

Sisi tunaona mafundisho mawili hapo. La kwanza: mzee alikuwa na kidonda cha kweli, na mwenye kidonda anaamini upesi. Ukoo unaosemwa na mtu mmoja, tena mtu anayetafuta kitu, unahitaji mashahidi. Kati yetu pia, mtu anaweza kuja na ukoo mzuri kwa sababu ya parseli. La pili: dada yule alikuwa mtu wa kweli. Kama watu wa kwao wangekuwa wameshika habari zake, nani alimchukua, alipelekwa wapi, alizaa nani, mgeni asingepata nafasi ya kujiingiza. Katika familia zetu pia kuna dada kama yule, na mara nyingi hatumtaji kwa sababu ni mwanamke, ao kwa sababu alitekwa.

Basi tufanye hivi.

Tuanze na sisi wenyewe, tupande ngazi moja moja: baba na mama, kisha wazazi wanne wao. Tusiruke kwenda kwa nkambo mwenye sifa na kuacha wa katikati.

Tukiuliza wazee, tusiwasumbue na miaka. Tuwaulize kwa mambo yaliyotokea. Ulikuwa umeshaolewa wakati wale Waitalia 13 wa ndege waliuawa hapa Kindu? Hiyo ni 1961. Mtoto huyu alikuwa anatembea Simba walipoingia? Hiyo ni 1964. Baba yako alifanya kazi ya reli? Alikuwa na kitabu cha kazi? Nani alimbatiza, ao nani alimfundisha Kurani? Karatasi ya parokia na kumbukumbu ya msikiti vinaweza kusaidia.

Jina moja lithibitishwe na watu wawili wasiokula sahani moja. Kama shangazi wa Alunguli na mzee wa Kasongo wanasema sawasawa bila kuonana, tuliandike kwa biki. Kama hawapatani, tuandike maneno yote mawili na tuyaache hivyo. Tusitunge.

Na kama nkambo alitekwa, tuandike kwamba alitekwa. Haya si yake. Wanasema mwacha asili ni mtumwa. Sisi tunaongeza: hata aliyefanywa mtumwa alikuwa na asili, na ni sisi wajukuu tunaoweza kuitafuta.

Jambo la mwisho ni kwa baba na mama wenye watoto wadogo. Sheria inatupa siku 90 za kuandikisha mtoto aliyezaliwa. Tusingoje. Mtoto asiyeandikwa leo ndiye kesho ataulizwa «weye ni wa nani?» na atatazama chini.

Mkutano ujao kila familia ilete kaye yake, hata kama ina majina manne tu. Asiyejua kuandika alete mzee wake, vijana wetu wataandika. Yule ambaye mti wake unaishia kwa jina moja lisilo na baba, naye aje. Pengine aliyekaa karibu yake ndiye anayeshika jina linalofuata.