Samaki wa Nazi na Tui Lisilokatika

Mazungumzo haya yahusu chakula kijulikanacho na kila nyumba ya pwani, toka Vanga hata Lamu, nacho ni mchuzi wa samaki wa nazi. Nazi za Kilifi na Kwale zafika masoko ya Nairobi, na watu wa bara wamejaribu mapishi haya, lakini wako walioyaacha kwa kuwa mchuzi uligeuka maji chini na mafuta juu. Samaki ni ghali, na nazi ni ghali. Si jambo dogo mama wa nyumba kutia fedha ya siku nzima chunguni, akapata kitu wasichokitaka watoto.

Samaki afaaye ni mwenye nyama nyeupe na ngumu kidogo, kama changu au tewa. Aliye mbali na bahari aweza kutumia ngege au mbuta wa Ziwa Victoria. Huyo mbuta, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950, ana minofu minene. Wakati wa kusi, bahari ichafukapo, samaki huwa wachache na bei hupanda, na hapo ndipo samaki wa jana hutolewa tena mezani. Mnunuzi na atazame macho, yawe maangavu. Afunue matamvua, yawe mekundu. Abonyeze nyama kwa kidole, irudi mahali pake. Bizari haimponyi samaki aliyeoza, na jodari aliyekaa juani huweza kufanya sumu isiyoondolewa na moto, hata apikwe saa mbili.

Kilo 1 ya samaki yahitaji nazi 2. Vipande vioshwe, vitiwe chumvi na ndimu, vikae nusu saa. Nazi ikunwe kwa mbuzi, itiwe maji ya uvuguvugu kikombe 1 tu, ikamuliwe kwa kifumbu au kitambaa safi: hilo ndilo tui zito, nalo liwekwe kando. Chicha ile ile hutiwa maji tena, vikombe 2, ikatoa tui jepesi. Wako wayachanganyao yote mawili kwa haraka. Hao huharibu mchuzi kabla haujaanza.

Kitunguu kikaangwe kwa mafuta kidogo hata kilainike, kifuatwe na saumu na tangawizi iliyotwangwa, kijiko kidogo cha manjano, kisha nyanya 3 mpaka zivurugike kabisa. Maji ya ukwaju yatiwe sasa, wala yasingoje mwisho, maana ukali ukimwagwa ghafula juu ya tui zito hulikata. Tui jepesi litiwe, lichemke, ndipo samaki aingie pamoja na pilipili mbichi nzima, kwa dakika 10 hivi.

Tui zito huja mwisho, moto umepunguzwa. Chungu kisifunikwe, wala mpishi asiende mlangoni kuzungumza na jirani. Achote mchuzi kwa upawa na kuumimina tena polepole bila kukoma. Mwiko huvunja samaki. Utokotapo mara ya kwanza pembeni, chungu kiepuliwe papo hapo. Mchuzi uliokatika si sumu, waweza kuliwa, ila uzito wake umekwisha.

Huliwa kwa wali, na ugali pia haukatai. Sahani ya mtoto mdogo ichambuliwe miiba kwanza, hasa ikiwa ni changu.