Tuwafundishe Kuogelea

Msikilizaji, triathloni ya Ziwa Kivu huanzia mahali ambapo wengi wetu tuliozaliwa ukanda huu wa maziwa tulikatazwa kwenda tangu utotoni: majini.

Agosti 2022, mji wa Rubavu nchini Rwanda, ambao wengi bado wanauita Gisenyi, ulipokea mashindano ya Ironman 70.3. Mshindani anaogelea kilomita 1.9, anatoka ufukweni akichuruzika maji, anaendesha baiskeli kilomita 90, kisha anakimbia kilomita 21.1. Saa haisimami, hata unapofunga kamba za viatu. Na yote hayo yanafanyika kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi kutoka usawa wa bahari, ambako aliyezoea hewa ya pwani huishiwa pumzi mapema.

Ziwa lenyewe linastahili heshima hiyo. Vilima vinashuka hadi majini, na ng'ambo ya mpaka kuna Goma na mlima Nyiragongo. Halina mamba. Gesi ya methani ambayo Kivu linasifika kwayo imekaa kilindini, mbali sana chini ya anapopita muogeleaji.

Miguu tunayo, hilo halina ubishi. Mbio za baiskeli za Tour du Rwanda hufika Rubavu, na Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Kuhusu kukimbia, sihitaji kumweleza mtu wa Afrika Mashariki. Lakini tangu triathloni iingie Olimpiki mwaka 2000 kule Sydney, hakuna Mkenya wala Mwethiopia aliyepata medali yake. Mwafrika aliyeipata ni mmoja tu, Henri Schoeman wa Afrika Kusini, aliyeshika nafasi ya tatu Rio mwaka 2016.

Naamini sababu kubwa ni maji. Kuogelea hakutaki nguvu kwanza, kunataka kufundishwa: kuzamisha uso bila hofu, kuvuta pumzi kwa ubavu, kuuacha mwili uelee. Anayepigana na maji anachoka kabla ya kufika mita mia. Tena ziwani hakuna ukingo wa kushika kama kwenye bwawa. Unainua kichwa kutafuta boya huku wa mbele yako anakupiga teke la uso. Usipomaliza kuogelea ndani ya saa moja na dakika kumi, unatolewa. Kijana mwenye mapafu ya kushinda nusu marathoni anaondoka bila kukimbia hata hatua moja.

Wazazi wanaokataza siwalaumu. Ziwa linaua, na katika vijiji vya pembezoni kila mtu anamjua aliyezama. Ila katazo halijamfundisha mtoto kuelea. Wapo wavuvi wanaokesha ziwani wakivua samaki wadogo waitwao sambaza, mitumbwi mitatu mitatu imefungwa pamoja, taa zinawaka, na miongoni mwao wamo wasiojua kuogelea kabisa. Hilo linaniuma kuliko medali yoyote tuliyoikosa.

Baiskeli ya mbio ni ghali, na ada ya mashindano kama haya si ya mkulima. Hayo yatahitaji wafadhili. Ziwa tunalo tayari. Kwa hiyo naziomba halmashauri, shule na vilabu vya pwani za Kivu, Tanganyika na Viktoria: tengeni sehemu ya maji yenye kina kifupi kilichopimwa, izungushieni kamba na maboya, wekeni mwalimu aliyefuzu na maboya ya kuvaa, na waiteni wasichana sawasawa na wavulana. Nawe mzazi unayenisikiliza, mwalimu huyo akipatikana, mpeleke mwanao.