Barua ya Mei 1954: Nani Aliyeanzisha Mgomo wa Mabasi wa Montgomery?

Katika vitabu vingi vya shule, historia ya harakati za haki za kiraia nchini Marekani, yaani mapambano ya raia Weusi ya kuziondoa sheria za ubaguzi wa rangi, huanza na mshonaji aliyechoka. Husimuliwa kwamba tarehe 1 Desemba 1955, mjini Montgomery, jimbo la Alabama, Rosa Parks alikataa kumpisha Mzungu kiti cha basi kwa kuwa miguu ilikuwa ikimuuma, na kwamba kutokana na sadfa hiyo Weusi wa mji huo wakayasusia mabasi kwa siku 381 wakiongozwa na mchungaji kijana, Martin Luther King. Mhadhara huu unaikataa simulizi hiyo, kwa kuwa huwafanya watu waliopanga kwa miaka waonekane kama waliozinduka asubuhi moja.

Parks mwenyewe aliikanusha habari ya miguu, akieleza kwamba alichochoka nacho ni kunyenyekea. Tangu 1943 alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Weusi, na majira ya joto ya 1955 alihudhuria mafunzo ya wanaharakati katika shule ya Highlander, Tennessee. Wala hakuwa wa kwanza kukamatwa: tarehe 2 Machi mwaka huohuo Claudette Colvin, binti wa miaka 15, alitolewa na polisi ndani ya basi mjini humo, na mabasi yakaendelea kujaa. Ikiwa cheche moja yatosha, mbona Machi moto haukuwaka? Jibu la kawaida, kwamba viongozi walimwona Colvin mdogo mno kubeba kesi hiyo, linaibomoa nadharia ya cheche badala ya kuitetea, kwa sababu linakiri kwamba palikuwa na watu waliokaa wakipima kesi ipi ifaayo.

Mwandishi wa mhadhara huu aliwahi kuwauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza watu hao ni akina nani. Ukumbi ulinyamaza, kisha mmoja akamtaja King. Lakini King alianza uchungaji wa kudumu Montgomery Septemba 1954, na kufikia wakati huo barua inayostahili kusomwa kuliko hotuba nyingi za zama zile ilikuwa imekwisha kuandikwa kwa meya.

Barua hiyo ni ya tarehe 21 Mei 1954, siku nne baada ya Mahakama ya Juu kuharamisha ubaguzi katika shule za umma. Mwandishi wake, Jo Ann Robinson, alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika chuo cha Weusi cha jimbo hilo na kiongozi wa Baraza la Kisiasa la Wanawake, jumuiya iliyoasisiwa na Mary Fair Burks mwaka 1946. Anaanza kwa kumshukuru meya W. A. Gayle kwa kuwasikiliza Machi, suala la kupandisha nauli lilipojadiliwa. Kisha anaomba mambo matatu: Weusi wakae kuanzia nyuma na Wazungu kuanzia mbele mpaka viti vijae, Mweusi asilipe nauli mlango wa mbele na kuamriwa ashuke akapandie nyuma, na mabasi yasimame kila kona katika mitaa ya Weusi kama yafanyavyo katika mitaa ya Wazungu. Ndipo, bila kupandisha sauti, anamkumbusha meya kwamba robo tatu ya abiria ni Weusi na kwamba jumuiya 25 au zaidi zinazungumzia kususia mabasi. Ni ombi lenye hesabu ndani yake, na meya aliyejua kujumlisha hakuwa na haja ya kutishwa zaidi.

Yupo atakayesema kwamba barua hiyo ni ya woga, kwa kuwa haikudai ubaguzi ufutwe. Na ni kweli, haikudai. Vilevile Weusi wa Baton Rouge, Louisiana, walikwisha kususia mabasi mwaka 1953, kwa hiyo wazo lenyewe halikuzaliwa Montgomery. Hata hivyo, dai la viti la Desemba 1955, lililotolewa na chama kipya chini ya King, lilikuwa lilelile la Robinson, na sheria yenyewe iliangushwa mwaka 1956 kwa kesi ya Browder dhidi ya Gayle, ambamo walalamikaji walikuwa wanawake wanne, Colvin akiwamo na Parks hayumo. Mhadhara huu unabaki na imani kwamba mgomo ulianza mezani pa mwandishi wa barua, kabla haujapanda mimbarini.

Usiku wa kukamatwa kwa Parks, kabla wachungaji hawajakutana, Robinson aliingia chuoni na kurudufu makumi ya maelfu ya vikaratasi vya kutangaza mgomo wa Jumatatu. Chuo hicho kikiendeshwa kwa fedha za jimbo, jina lake hakuliweka. Na kitabu chake kuhusu mgomo huo kilichapishwa mwaka 1987.