DAKTARI NA AJUE SIASA
(Hotuba kwa wanachama, Nakuru)



Sisi watu wa reli twajua jambo hili: dereva aweza kuwa hodari na injini nzima, lakini kama ishara haijafunguliwa, gari halitoki stesheni. Udaktari nao ni hivyo.

Tazameni. Mwaka 1965 Serikali ilifuta malipo kwa wagonjwa wasiolazwa. Mwaka 1989 malipo yakarudishwa. Mwaka 2004 yakapunguzwa: shilingi 10 katika zahanati, 20 katika kituo cha afya. Mwaka 2013 yakafutwa tena huko. Homa haikubadilika miaka hiyo yote. Kilichobadilika ni amri iliyotoka Nairobi, nayo ndiyo iliyoamua mama wa Molo afike kwa daktari au abaki nyumbani na mtoto wake.

Wengi wetu tuliishia shule ya msingi ya misheni, na twataka watoto wetu wawe madaktari. Ni vyema. Lakini tusiwaambie kuwa siasa haiwahusu. Hatusemi kelele za uchaguzi. Twasema elimu ya sheria, ya bajeti, na ya nani huamua. Tangu 2013, kwa Katiba ya 2010, hospitali kubwa ya Nakuru imo mikononi mwa kaunti. Daktari akitaka wauguzi zaidi, ombi lake hupita katika bajeti ya kaunti. Asiyeijua njia hiyo atabaki kulalamika wodini.

Wapo waliotuonyesha. Dr. Njoroge Mungai alisomea udaktari Marekani, akawa Waziri wa kwanza wa Afya wa Kenya mwaka 1963, na mwaka 1969 Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Jirani yetu wa Ethiopia, Tedros Adhanom, si daktari wa kutibu. Lakini alikuwa Waziri wa Afya, kisha wa Nchi za Nje, na mwaka 2017 akachaguliwa kuongoza Shirika la Afya Duniani. Maradhi hayasimami mpakani. Kuyazuia kwataka serikali zisikilizane.

Nasi pia tujifunze. Tangu Oktoba 2024 mshahara wetu hukatwa 2.75 kwa mia kwa ajili ya bima ya afya. Pesa hiyo ni jasho letu. Mtoto anayesomea udaktari ajue yaendako, na sisi tuulize katika mikutano yetu.

Umoja ni nguvu.