Tuijue Flashi Iliyo Ndani ya SSD Kabla ya Kununua

Mada iliyotolewa katika semina ya makatibu, wahasibu na watunza takwimu wa vituo

Mada yetu ni fupi, lakini inagusa fedha za miradi na kumbukumbu za watu tunaowahudumia.

Mwaka jana tulinunua diski za SSD za kuhifadhia nakala za takwimu za miradi. Tuliangalia mambo mawili tu: ukubwa na bei. Tulipoanza kunakili, mwendo ulikuwa mzuri mwanzoni, kisha ukashuka mno. Umeme ukakatika kazi haijaisha, ikabidi turudie yote. Diski hazikuwa mbovu. Kosa lilikuwa letu: hatukuuliza zina flashi ya aina gani.

SSD hutunza data kama chaji ya umeme ndani ya vyumba vidogo sana. Katika kila chumba SLC huweka biti 1, MLC biti 2, TLC biti 3 na QLC biti 4. Tuchukue mfano wa ndoo. Kusema ndoo imejaa au ni tupu ni rahisi. Hiyo ndiyo SLC. QLC hutakiwa kutofautisha viwango 16 vya maji katika ndoo ileile. Kwa sababu hiyo bei yake ni nafuu, lakini huandika polepole na huchakaa mapema zaidi.

Je, tutaitambuaje?

Kwanza, tusome namba kamili ya modeli kwenye stika, kisha tutafute maelezo ya mtengenezaji mwenyewe. Tuwe waangalifu na maneno. Kwenye baadhi ya diski zake Samsung huandika "3bit MLC" kwa ile ambayo wengine huiita TLC, na "4bit MLC" kwa QLC. Aidha, "3D" au "V-NAND" maana yake ni kwamba vyumba vimepangwa kwa ghorofa. Haisemi idadi ya biti.

Pili, tulinganishe waranti. Samsung 870 EVO ya terabaiti 1, yenye TLC, ina waranti ya miaka 5 au kuandikwa terabaiti 600. 870 QVO ya ukubwa huohuo, yenye QLC, ina miaka 3 au terabaiti 360. Pale ambapo aina haikutajwa, tofauti ya namna hii ni dalili, ingawa si uthibitisho.

Tatu, tujaribu kwa faili kubwa. Diski nyingi hutumia sehemu ya flashi kwa muda kama SLC, na sehemu hiyo ikijaa ndipo mwendo halisi huonekana. 870 QVO hiyo huandika hadi megabaiti 530 kwa sekunde, lakini baada ya gigabaiti 42 hushuka hadi 80. Kwa hesabu hiyo, nakala ya gigabaiti 200 ambayo EVO ingeimaliza kwa dakika 6 au 7, QVO huhitaji dakika 34 hivi.

Programu kama CrystalDiskInfo huonyesha afya ya diski, si aina ya flashi. Zipo programu nyingine zinazosoma utambulisho wa flashi yenyewe, lakini hutegemea kidhibiti kilichomo. Kazi hiyo tumwachie fundi. Tusifungue diski ili kusoma maandishi ya chipu, maana tunaweza kupoteza waranti.

Jina nalo halitoshi. Mwaka 2021 ilibainika kwamba Crucial P2, iliyoanza kuuzwa ikiwa na TLC, ilikuwa imewekewa QLC bila kubadilishwa jina. Hivyo sifa za diski iliyopimwa zamani zisituhakikishie ile iliyopo dukani leo.

Hatusemi QLC haifai. Kwa kutunza vitabu, picha na video za mafunzo, ambazo huandikwa mara moja na kusomwa mara nyingi, inatosha kabisa. Lakini kwa hesabu za kila siku na nakala kubwa za kila wiki, tuchague TLC.

Tunapendekeza kwamba kuanzia sasa kila ombi la ununuzi litaje aina ya flashi, na muuzaji aiandike kwenye ankara. Tukipokea mzigo, tuujaribu siku hiyohiyo.