Uso wa Chuma: Hotuba kwa Wahitimu wa Ufundi, Ubaruku

Wazazi mliouacha mpunga shambani mkaja kuwashuhudia wana wenu, ada mliyoilipa kwa magunia haikupotea. Yaliyobaki ni yenu vijana mnaohitimu ufundi leo hapa Ubaruku, nami nitasema juu ya jambo moja tu.

Umri wangu mwingi umepita karakanani, khasa kwenye mashine za kukoboa mpunga za bonde hili la Usangu, na malalamiko yangu juu ya kazi yetu ni kwamba shafti ikivunjika, fundi hukimbilia kuweka iliyo nene zaidi. Niliwahi kuitwa kwenye mashine ambayo shafti yake ilikwisha badilishwa mara kwa mara, kila ijayo nene kuliko iliyotangulia, na kila moja ikakatika pale pale penye bega, yaani pale unene wake unapobadilika; nilipoitazama nikaona mkwaruzo mkali wa kisu cha kerezo, haukupigwa msasa, na humo ndimo ufa ulimoanzia, ukaingia ndani kidogo kidogo kwa kila mzunguko, hata mchana mmoja wa msimu, watu wamejipanga na magunia yao, shafti ikawa vipande viwili. Mwenye mashine alikuwa ametoa fedha nyingi kununua unene, ilhali alichokikosa ni uso laini na kona iliyoviringwa. Shafti inayopindwa huku ikizunguka huanza kufa usoni, kwa kuwa usoni ndipo nguvu ya kuipinda inapokuwa kubwa kabisa.

Wataalamu wa dunia nao wameurudia uso huo huo. Feleji isiyoshika kutu, ambayo Harry Brearley aliitengeneza huko Sheffield mwaka 1913, na ambayo aina yake iliyoenea ina kromiamu asilimia 18 hivi na nikeli asilimia 8, ni njema kwa mengi, illa ikiwa katika hali yake ya ulaini hukubali kupinda mapema. Wanasayansi wawili, Hall mwaka 1951 na Petch mwaka 1953, walionesha ya kuwa kadiri chembe za ndani ya chuma zinavyopungua ukubwa ndivyo nguvu zake zinavyozidi, kwani mipaka ya chembe hukizuia kisiteleze ndani kwa ndani. Mwaka 1999 Ke Lu na Jian Lu wakaeleza namna ya kuutendea uso peke yake: gololi ndogo hutikiswa kwa kasi mno, zikaupiga uso kutoka kila upande, hata chembe zake zikavunjika zikawa chini ya nanomita 100, na nanomita ni sehemu moja katika milioni ya milimita. Lakini chuma cha chembe ndogo namna hiyo kikiwa peke yake hakinyumbuki sana, hukatika ghafla. Basi watafiti wakayapanga mabamba ya feleji hiyo isiyoshika kutu yaliyopigwa hivyo, moja juu ya jingine, wakayapitisha baina ya rola yakiwa na moto hata yakashikana, likapatikana bamba lenye matabaka magumu na laini yanayopokezana: magumu yabebe mzigo, laini yauzuie ufa usipenye.

Msiyaone haya kuwa ni mageni kabisa kwetu. Wafua chuma wa Ufipa waliyayeyusha mawe katika matanuri marefu yaitwayo malungu, wakakisafisha chuma tena katika tanuri dogo, ndipo wakakitia nyundo. Nami husema kila nipatapo nafasi, wala sitaacha, ya kuwa habari za mafundi wale zinastahili kufundishwa katika kila chuo cha ufundi nchini kabla ya huyo Brearley, khasa kwetu tulio jirani na mawe ya chuma ya Liganga.

Mtambo wa kutikisa gololi hamtaukuta mnakokwenda, lakini tupa na msasa mnavyo. Kabla ya kufunga shafti, pitisha ukucha juu ya bega lake. Ukikwama, irudishe kwenye kerezo, na mwenye mashine akikuharakisha, mwambie asubiri.